Uzi: Namba za barabara kuu zinazokutana kimaajabu. Bahati tupu, au kuna mkono wa mtu?

#1 MsomaRamani

Wadau, habari za wakati huu.

Napenda sana kukaa na ramani za barabara za nchi mbalimbali, na ninachokitafuta humo ni namba. Naomba niwawekee hapa jambo moja la Marekani ambalo kila nikilitazama linanipa raha, kisha nanyi mlete yenu.

Marekani ina mifumo miwili mikubwa ya namba za barabara iliyolala juu ya nchi ileile. Wa kwanza ni wa barabara za US, uliopitishwa Novemba 1926. Wa pili ni wa Interstate, uliotokana na sheria aliyoisaini Rais Eisenhower Juni 1956. Yote miwili ina kanuni moja: barabara ya kaskazini-kusini hupewa namba witiri, ya mashariki-magharibi hupewa namba shufwa, na zile ndefu za mashariki-magharibi huishia na sifuri. Tofauti ipo kwenye pa kuanzia kuhesabu. US zinahesabiwa kuanzia kaskazini na mashariki. Wapangaji wa Interstate wakageuza, wakaanzia kusini na magharibi. Walifanya hivyo makusudi, ili namba ndogo za mfumo mpya ziangukie mbali na namba ndogo za mfumo wa zamani na dereva asichanganyikiwe.

Sasa chukueni Interstate zinazoishia na sifuri, mtazame kila moja inaongozana na barabara gani ya US.

I-10 (I ni kifupi cha Interstate), ya kusini kabisa, inakwenda na US 90 kutoka Jacksonville, Florida, hadi Van Horn, Texas. 10 + 90 = 100.

I-20 inakwenda na US 80 kupita mashariki ya Texas, Louisiana, Mississippi na Alabama. 20 + 80 = 100.

I-40 inakwenda na US 70 kupita Tennessee na North Carolina. 40 + 70 = 110.

I-70 inakwenda na US 40 kutoka Maryland hadi Colorado, na kwa vipande virefu zinatumia lami ileile. 70 + 40 = 110. Yaani hii na ile ya juu yake zimebadilishana namba!

I-80 na US 30, Wyoming na Nebraska: 110.

I-90 na US 20, Massachusetts, New York na Ohio: 110.

Mtu akiziona kwa mara ya kwanza atasema ni muujiza. Mimi msimamo wangu ni kwamba sehemu kubwa ya hivi tunavyoviita bahati ni alama zilizoachwa na maamuzi ya zamani. Leteni mifano yenu tuipime.

#2 Kiberenge77

Mkuu umenifanya nifungue ramani saa hizi. Nimepitia zote sita, ziko sawa. Ila kuna kitu hukukigusa: kwa nini kusini jumla ni 100 na kuanzia katikati inaruka kuwa 110? Kama mifumo ni kioo cha mwenzake, jumla ilitakiwa ibaki ileile mpaka juu.

#3 MsomaRamani

@Kiberenge77 swali zuri mno, na jibu lake ndilo lililonifanya nifungue uzi huu.

Tazama namba niliyoiruka: I-30. Kati ya Interstate zote zinazoishia na sifuri, hii ndiyo fupi kuliko wenzake. Inatoka Texas inaishia Arkansas, majimbo mawili tu, kilomita 590 hivi. Lakini imekula kumi zima la kwake. I-10 imekaa na 90, I-20 imekaa na 80, kumi linalofuata ni 30, na kwa hesabu hiyo mwenzake alipaswa kuwa 70. Na kweli, I-30 inapokaribia Little Rock inakutana na US 70 na zinaingia mjini pamoja. Ila kwa sababu I-30 inaishia hapo, barabara ndefu inayoendelea kando ya US 70 upande wa mashariki ni I-40. Kumi moja limetumika kwenye kipande kifupi, na tangu hapo kaskazini jumla yote imesogea kwa kumi.

Sasa endelea na hesabu ileile ya 110. Baada ya I-40 ingekuja I-50, na mwenzake angekuwa US 60. Kisha ingekuja I-60, na mwenzake angekuwa US 50. Hizo US 50 na US 60 zinapita majimbo yaleyale: Missouri, West Virginia, Virginia. Maana yake katika jimbo moja kungekuwa na I-50, US 50, I-60 na US 60, tena zikiwa zimekaa msalaba. Ndiyo maana mpaka leo Marekani haina I-50 wala I-60. Wapangaji hawakutaka namba moja ya mifumo miwili itokee ndani ya jimbo moja, na hapo katikati ndipo mgongano ulikuwa hauepukiki.

Kwa hiyo ile jumla ya 110 inakuonyesha mpaka pengo lilipo na sababu yake.

#4 Mzee_wa_Lami

Hapo kwenye I-30 umenimaliza. Nimezijua hizi namba miaka nenda rudi na sikuwahi kuliona hilo. Nafuatilia.

#5 HesabuKwanza

Mleta uzi, heshima kwako, lakini naomba nikupinge kidogo.

Namba za barabara kuu nyingi ni chini ya mia moja. Barabara zenyewe ni maelfu, kwa sababu mbali na US na Interstate kila jimbo lina mfumo wake. Ukichukua vitu maelfu ukavigawia majina mia, lazima vikutane. Ni hesabu ileile ya siku za kuzaliwa: ukiwa na watu 23 tu ndani ya chumba, uwezekano wa wawili kuzaliwa tarehe moja umeshavuka nusu. Watu hushangaa kwa sababu wanawaza tarehe yao wenyewe, wakati hesabu inahusu jozi yoyote.

Na kuna jambo la pili. Ukishaanza kujumlisha, kutoa na kugeuza tarakimu, umejipa njia nyingi za kuona ajabu. I-10 na US 90 umejumlisha. Kesho mwingine ataleta I-85 na US 58 zinazokutana South Hill, Virginia, atasema tarakimu zimegeuzwa. Zimegeuzwa kweli, lakini hiyo ina maana gani?

#6 MsomaRamani

@HesabuKwanza nakubaliana nawe kuhusu 85 na 58. Hakuna aliyekaa mezani kuigeuza, na ukiijua haikusaidii kujua kitu kingine chochote.

Lakini kipimo changu ni hichohicho: je, ukiijua inakusaidia kutabiri? Ile jumla ilinitabiria pengo la I-50 na I-60. Ukimpa mtu asiyejua Marekani zile jozi sita na kanuni ya namba kutogongana ndani ya jimbo, anaweza kukwambia namba gani hazipo bila kuona ramani. Hapo siwezi kuita bahati.

#7 NjiaPanda

Mimi naleta 666, maana lazima itajwe.

Kulikuwa na barabara ya US 666 kutoka Gallup, New Mexico, hadi Monticello, Utah. Namba hiyo ni ya mnyama kwenye kitabu cha Ufunuo, sura ya 13. Watu waliiita barabara ya shetani, vibao vyake vikawa vinaibwa kila vikiwekwa, na mwaka 2003 ikabadilishwa ikawa US 491. Wengi wanaamini ilipewa ile namba kwa mkosi fulani wa eneo lile.

Ukweli ni mwepesi. Barabara za US zenye tarakimu tatu ni matawi: tarakimu ya mbele ni namba ya tawi, mbili za nyuma ni za mzazi. US 66 ilikuwa na 166, 266, 366, 466, 566, na tawi la sita likawa 666.

#8 MsomaRamani

@NjiaPanda hapo umefika nusu ya hadithi, na nusu iliyobaki ni tamu zaidi. Kwa nini mzazi mwenyewe aliitwa 66?

Katika mpango wa mwanzo, barabara ya Chicago hadi Los Angeles ilipewa namba 60. Kanuni ilikuwa kwamba zenye sifuri ni zile zinazovuka nchi. Gavana wa Kentucky, William J. Fields, akaona jimbo lake halina hata barabara moja yenye sifuri, ya kwake imepewa 62. Akaja juu, akadai 60 ipite Kentucky. Upande wa pili alikuwepo Cyrus Avery wa Oklahoma, mtu aliyeipigania barabara ya Chicago, na upande wake ulikuwa umeshaanza kutengeneza vibao na ramani zenye 60. Mvutano ukaenda kwa simu za maandishi miezi kadhaa. Avery na wenzake hawakutaka kupokea 62 kama mabaki. Tarehe 30 Aprili 1926 walikutana Springfield, Missouri, wakakagua orodha ya namba, wakaona 66 haina mwenyewe. Wakaichukua.

Sasa unganisha mambo hayo mawili. Kama Kentucky wangenyamaza, barabara ya Chicago ingebaki 60, na tawi lake la sita lingeitwa 660. Kama Avery angekubali 62, lingekuwa 662. Namba ya mnyama imefika jangwani New Mexico kwa sababu gavana wa jimbo la mbali kabisa alikasirika kukosa sifuri. Njia yenyewe haikupita hata karibu na Kentucky!

Na hiyo 66, namba iliyookotwa kwa sababu haina mtu, ndiyo ikawa maarufu kuliko namba zote za barabara duniani. Iliondolewa rasmi kwenye orodha mwaka 1985 na bado watu wanaisafiria kutoka kila bara.

#9 Kiberenge77

Kwa hiyo 491 nayo ni tawi? La nani?

#10 NjiaPanda

Tawi la US 191, ambayo inakutana nayo kulekule Monticello. Namba ilipobadilishwa walifuata kanuni ya tawi na mzazi kama kawaida.

#11 Fundi_Alama

Wakuu, mimi nafuatilia zaidi zile kesi ambazo kanuni ya kutogongana imevunjwa.

Wisconsin kuna I-41 na US 41, na ni barabara ileile. I-41 ilitangazwa 2015, na karibu urefu wake wote imelala juu ya US 41. Dereva anaona vibao viwili vya 41 kwenye nguzo moja, cha bluu na nyekundu cha Interstate na cheupe cha US.

North Carolina kuna I-74 na US 74, nazo zinatumia lami moja katika kipande cha kusini ya jimbo.

Arkansas kuna I-49 upande wa magharibi na US 49 upande wa mashariki.

Texas kuna I-69 na US 69, na njia ya I-69 inapopita Lufkin inakutana na US 69.

Hizi nne zote ni bahati au kuna sababu?

#12 HesabuKwanza

Hii naomba nijibu mimi, maana ina hesabu nzuri.

Chukua zile za kaskazini-kusini. Ukitembea kutoka magharibi kwenda mashariki, namba za US zinashuka kutoka 101 hadi 1. Namba za Interstate zinapanda kutoka 5 hadi 95. Kimoja kinashuka, kingine kinapanda, juu ya ardhi ileile. Lazima mahali fulani vikutane, na mahali hapo lazima pawe karibu na katikati ya namba, yaani kwenye arobaini na hamsini. Tazama ramani eneo la mto Mississippi: I-55 na US 51 zinaanzia mji mmoja, LaPlace, Louisiana, na zinapanda pamoja kupita Mississippi. Hatua chache magharibi yake unakuta I-49 na US 49 jimbo moja. Panda kaskazini unakuta I-41 na US 41. Yote hayo yako kwenye ukanda mmoja.

Kwa hiyo 41 na 49 ni zao la mifumo miwili kupandishwa kinyume. I-41 imekaa kati ya I-39 na I-43, palepale inapopaswa kukaa kwa kanuni ya Interstate. US 41 nayo ilikuwa palepale tangu 1926. Kwenye mashariki-magharibi mgongano huu uliepukwa kwa kuziacha I-50 na I-60, kama alivyosema mleta uzi. Kwenye kaskazini-kusini hawakuacha pengo, wakakutana.

74 na 69 sizitetei kwa njia hii. Hizo ziko mbali na katikati.

#13 MsomaRamani

@HesabuKwanza hii ni nzuri kuliko ya kwangu.

74 na 69 zina historia inayofanana. I-74 ya asili ilikuwa barabara ya kutoka Davenport, Iowa, hadi Cincinnati, Ohio, na huko ilikaa kwa utaratibu kabisa. Kisha miaka ya 1990 ikaamuliwa ivutwe kusini-mashariki hadi North Carolina, na njia iliyopatikana ikaangukia juu ya US 74. I-69 nayo ilikuwa ya Indiana na Michigan, ikaja kuvutwa hadi Texas. Ukivuta barabara nje ya ukanda wake, unaipeleka kwenye ukanda wa namba za mfumo mwingine. Kwamba itagongana na kitu kulikuwa na uwezekano mkubwa. Kwamba itagongana na namba yake yenyewe, hapo nakubali ni bahati.

#14 Mzee_wa_Lami

Naomba nitoe I-99 ya Pennsylvania. Hii haikutolewa na wahandisi. Kwa kawaida namba za Interstate hupitishwa na chama cha idara za barabara za majimbo, ila I-99 iliandikwa ndani ya sheria ya mwaka 1995, na aliyeisimamia ni mbunge Bud Shuster wa Pennsylvania. Kwa kanuni 99 ilitakiwa iwe mashariki ya I-95, karibu na bahari. Badala yake iko milimani, kati ya I-79 na I-81. Shuster alieleza kwamba namba hiyo inamkumbusha tramu namba 99 ya eneo alilokulia.

#15 Fundi_Alama

Na hapo watu husahau jambo moja: kati ya 79 na 81 hakuna namba witiri nyingine. Hata wangemwachia mhandisi mwenye msimamo mkali kuliko wote, namba halali ya barabara hiyo haikuwepo. Angelazimika kuazima tu, ya mbali au ya karibu.

#16 MsomaRamani

Sawa kabisa. Ndiyo maana mimi I-99 siilaumu kama wengine wanavyoilaumu. Inayonisikitisha zaidi ni I-238 ya California.

Kanuni ya Interstate ya tarakimu tatu ni kama ile ya US: mbili za nyuma ni za mzazi. I-238 ingekuwa mtoto wa I-38, na I-38 haipo popote. Ni kipande cha kilomita tatu na nusu hivi karibu na San Leandro, kinachounganisha I-580 na I-880. Kwa kuwa kiko ukanda wa I-80, kilihitaji namba inayoishia na 80. Hesabuni: 280, 380, 580, 680, 780, 880, 980, zote zina wenyewe katika eneo lilelile la ghuba ya San Francisco. 180 ilikuwa barabara ya jimbo kule Fresno, na California tangu ipange upya namba zake mwaka 1964 hairuhusu namba moja itumike mara mbili, iwe ya jimbo, ya US au ya Interstate. Ikabaki 480, ambayo ilikuwa imeshikwa na barabara ya juu ya Embarcadero, San Francisco. Kwa hiyo miaka ya 1980 wakaichukua namba ya barabara ya jimbo iliyokuwa palepale, 238, wakaivika kibao cha Interstate.

Mwaka 1989 tetemeko la Loma Prieta likaiharibu ile ya Embarcadero, na mwaka 1991 ikabomolewa. 480 ikawa huru, miaka michache tu baada ya kuhitajika.

#17 Kiberenge77

Hiyo inauma kwa kweli.

Vipi kuhusu 76? Nimeona kuna I-76 mbili zisizoungana, moja inapita Philadelphia na nyingine inaanzia karibu na Denver. Philadelphia ndipo walipotangaza uhuru mwaka 1776. Colorado ikawa jimbo mwaka 1876. Hii nayo ni kanuni?

#18 NjiaPanda

Namba 76 kwa Philadelphia inajitosheleza kwa kanuni: barabara hiyo iko kati ya I-70 na I-80, hivyo ingepata sabini na kitu tu. Ya Colorado hapo awali iliitwa I-80S, yaani tawi la kusini la I-80, na herufi hizo za mwisho ziliondolewa Marekani nzima kwa sehemu kubwa miaka ya 1970. Nayo iko kati ya 70 na 80. Ukiwa na nafasi za 72, 74, 76 na 78, kuangukia kwenye mwaka unaopendwa si jambo la ajabu sana. Ila kwa miji hiyo miwili namba imekaa vizuri, siwezi kukataa.

#19 Bahari_na_Bara

Tutoke Marekani kidogo. Kinachonigusa mimi ni namba zinazovuka mipaka.

Ireland: kutoka Dublin kwenda kaskazini ni N1, ambayo sasa sehemu kubwa ni M1. Kutoka Belfast kwenda kusini ni A1. Zinakutana mpakani kati ya Dundalk na Newry, moja kwa moja. Ni mamlaka mbili na mifumo miwili, kila mmoja alianza kuhesabu kwa barabara inayouelekea mji mkuu wa mwenzake. Zinazofuata haziendani tena: N2 inakutana na A5.

Canada wao walifanya kusudi. US 97 inatoka Weed, California, inapanda hadi mpaka wa Canada, na ng'ambo British Columbia wameiita Highway 97, inaendelea hadi mpaka wa Yukon. I-95 inapoishia Houlton, Maine, inapokelewa na Route 95 ya New Brunswick, ambayo ni fupi sana na kazi yake ni kukufikisha Woodstock.

Na kuna Highway 99 ya British Columbia. Iliitwa hivyo ili iungane na US 99. US 99 ikafutwa, nafasi yake mpakani ikachukuliwa na I-5. Leo anayevuka kutoka I-5 anakutana na 99 bila maelezo yoyote. Mwenzake aliondoka, yeye akabaki na jina.

#20 MsomaRamani

@Bahari_na_Bara mfano wa 99 ndio hasa ninaousema. Mtu asiyejua ataona namba imetua tu.

Mkubwa kuliko wote kwangu ni Ujerumani. Barabara kuu zao zilipewa namba mwaka 1932. Baada ya vita nchi ikagawanyika mara mbili. Magharibi wakaziita Bundesstraße, herufi B. Mashariki wakaziita Fernverkehrsstraße, herufi F. Lakini namba hakuna aliyezigusa, upande wowote. B5 ikitoka mpaka wa Denmark na Hamburg ilifika Lauenburg, ikavuka ukaguzi, ikawa F5, ikaelekea Berlin. Miongo minne nchi mbili zenye sarafu mbili na majeshi mawili ziliendelea kuhesabu barabara kwa orodha moja. Nchi ilipoungana 1990, mashariki walibadilisha F kuwa B, na namba zikaungana zenyewe. B1 leo inatoka Aachen hadi mpaka wa Poland pale Küstrin-Kietz, na zamani ilifika hadi Königsberg.

Hakuna aliyepanga muungano mwaka 1949 kwa kutumia vibao. Kubadilisha namba ni gharama: vibao, ramani, nyaraka za ardhi, anwani. Kwa hiyo watu huziacha, na zinadumu kuliko serikali. Sweden na Norway pia, mfumo wa Ulaya ulipopangwa upya 1975, E4 na E6 zilipaswa ziwe E55 na E47. Walikataa, kwa sababu hiyohiyo. Ndiyo maana leo hizo mbili zimekaa nje ya mpangilio.

#21 Fundi_Alama

Japani ongezeni. Barabara za taifa zinakwenda 1 hadi 58, kisha zinaruka hadi 101. Hakuna 59 wala 100. Sababu: zamani kulikuwa na daraja la kwanza, kuanzia 1 hadi 57, na la pili, kuanzia 101. Madaraja yakaunganishwa mwaka 1965, pengo likabaki. 58 iliongezwa Okinawa iliporudishwa Japani mwaka 1972, inatoka Kagoshima hadi Naha, na sehemu kubwa ya njia yake ni bahari. Namba kubwa kuliko zote, 507, nayo iko Okinawa. Kwa hiyo mwisho wa namba za tarakimu mbili na mwisho wa orodha nzima vyote viko kisiwani hapo.

#22 Mzee_wa_Lami

Hii ya Okinawa sikuwahi kuisikia. Asante mkuu.

Dogo la kuongeza: US 1 inapita pwani ya mashariki, Maine hadi Florida. Pwani ya magharibi California ina barabara yake ya jimbo namba 1, ya ufukweni. Na US 101 iko hukohuko magharibi. Wengi hudhani 101 ni tawi la 1. Siyo. Kwa 101 ile "10" ya mbele inahesabiwa kama tarakimu moja, ni barabara mama, ya mwisho kabisa upande wa magharibi kama 1 ilivyo ya kwanza upande wa mashariki.

#23 Kiberenge77

@MsomaRamani swali la mwisho kutoka kwangu. Umetuonyesha sababu za karibu kila kitu. Ni ipi ambayo wewe mwenyewe unaikubali kuwa bahati kamili na bado unaipenda?

#24 MsomaRamani

I-89, I-91 na I-93, Vermont na New Hampshire.

I-93 inapanda kutoka Boston. Ikifika Bow, karibu na Concord, inatoa I-89, ambayo inakwenda kaskazini-magharibi hadi White River Junction na kukatana na I-91. I-91 inaendelea kupanda na mto Connecticut. I-93 yenyewe inapita milimani Franconia Notch, inaingia Vermont na kuishia kwenye I-91 karibu na St. Johnsbury. Fuata kwa kidole: Bow, White River Junction, St. Johnsbury, kurudi Bow. Ni pembetatu iliyofungwa, pande zake ni namba tatu witiri zinazofuatana, na kila moja inakutana na wenzake wote wawili.

Kufuatana kwa namba kunaelezeka. Upande wa kaskazini 89 iko magharibi, 91 katikati, 93 mashariki, kama kanuni inavyotaka. Lakini hakuna kanuni inayodai zikutane. Kilichozikutanisha ni bonde la mto na upenyo wa milima, na 89 kuanzia mashariki ya 91 kisha kuivuka kwenda upande wake halali.

#25 HesabuKwanza

Hiyo naikubali, na hata kwa kipimo chako imepita: ukizijua namba huwezi kutabiri pembetatu.